Nusu Shari: Usitishaji wa Mapigano na Ulinzi wa Amani Kandokando ya Mto Rusizi

Wahenga walisema, heri nusu shari kuliko shari kamili. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na wanafunzi huielewa upesi: afadhali hasara ndogo kuliko kubwa. Mara chache, hata hivyo, huelekezwa kuitazama kwa upande wa pili, yaani kwamba nusu shari nayo ni shari. Hapa Bujumbura, mji ulioko mwambao wa ziwa Tanganyika na usio mbali na mpaka wa Kongo, historia ya miaka thelathini na zaidi iliyopita imekuwa kama ufafanuzi mrefu wa methali hiyo. Mikataba mingi ya kusitisha mapigano imetiwa sahihi kwa ajili ya nchi hii na jirani zake. Baadhi yake ilizaa amani. Mingine ilivunjika kabla wino haujakauka.

Katika makala haya twakusudia kuuliza swali moja: ni jambo gani hufanya usitishaji wa mapigano udumu? Je, ni wingi wa askari waletwao kuulinda, au ni kitu kingine? Tutaanza na neno lenyewe, kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha; kisha tutaingia katika historia.

Neno na maana yake

"Kusitisha" ni kauli ya kutendesha ya kitenzi "sita". Mtu anayesita hajaacha safari yake. Amesimama njiani, moyo wake haujaamua kuendelea wala kurudi. Anayesitishwa amesimamishwa na mwingine. Kwa hiyo "usitishaji wa mapigano" ni jina lenye ukweli mwingi kuliko tunavyodhani: vita havikukoma, vimesita tu, na yuko aliyevisitisha. Lau vingekoma, tungesema "kukomesha".

Linganisha maneno mengine tunayoyatumia katika habari hizi hizi: mapatano, makubaliano, maridhiano. Yote matatu yamejengwa juu ya kauli ya kutendana. Hayawezekani kwa mtu mmoja, wala hayawezi kuletwa na mtu wa tatu peke yake. Mpatanishi aweza kuwakalisha wagomvi chini, lakini kupatana ni kazi yao wenyewe. Tukumbuke pia kwamba "mapigano" nayo ni neno la kutendana: waliopigana ndio hao hao wanaopaswa kupatana. Basi safari yote ya amani ni safari ya kutoka katika kutendesha kuelekea katika kutendana. Mlinda amani yumo katika hatua ya kwanza. Je, nani yumo katika ya pili?

Mto uliofanywa mpaka

Mto Rusizi hutoka ziwa Kivu, hushuka kusini kupitia uwanda wa Imbo, na humwaga maji yake katika ziwa Tanganyika, baina ya Uvira na Bujumbura. Kwa watu wa pande zote mbili, mto huu ulikuwa malisho, uvuvi na njia. Kufanywa mpaka ni jambo la jana.

Mwaka wa 1885, Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji ilitangaza mipaka yake. Katika upande huu ulichorwa mstari ulionyooka kutoka ncha ya kaskazini ya ziwa Tanganyika kwenda kaskazini-mashariki. Waliouchora hawakuijua nchi waliyoigawanya. Hata ziwa Kivu lilikuwa bado halijaonwa na Mzungu, mpaka mwaka wa 1894 alipofika Mjerumani von Götzen. Mwaka wa 1897 askari wa msafara wa Dhanis waliasi huko Kongo, na vituo vya Dola Huru katika eneo hili vikadhoofika. Wajerumani, waliokuwa wakijiimarisha mashariki, walitumia nafasi hiyo kusonga mbele hadi Rusizi na Kivu. Kukawa na nchi moja na wadai wawili.

Hapo ndipo tunapopata mfano wa kwanza wa aina ya mapatano tunayoyazungumzia. Mwezi Novemba 1899, ofisa wa Kijerumani Bethe na ofisa wa Dola Huru Hecq walikubaliana kwamba hali ibaki kama ilivyo katika eneo lililogombaniwa, mpaka serikali zao huko Ulaya zitakapoamua. Mapatano hayo ya muda yalidumu zaidi ya miaka kumi. Mwaka wa 1910, katika mkutano wa Brussels, Ujerumani na Ubelgiji zilikubaliana kwamba mpaka ufuate mto Rusizi na kupita katika ziwa Kivu.

Twaweza kuyasifu mapatano ya Bethe na Hecq, kwani yalizuia vita baina ya madola mawili. Lakini tazama ni nani waliopatana. Mwezi Gisabo, mfalme wa Burundi aliyefariki mwaka wa 1908, hakuulizwa. Wakulima na wavuvi wa Imbo hawakuulizwa. Mpaka ulipatikana kwa utulivu, lakini ulikuwa utulivu wa wageni, na waliobaki kuishi nao walikuwa wengine. Baada ya mwaka wa 1916, Wabelgiji walipovuka na kuchukua nchi hii kutoka kwa Wajerumani, pande zote mbili za mto zikawa chini ya mtawala mmoja, na mpaka ukalala. Uliamka na uhuru: wa Kongo mwaka wa 1960, na wa Burundi tarehe 1 Julai 1962.

Tuongeze neno moja kuhusu mito. Upande wa kaskazini, mpaka wa Burundi na Rwanda hufuata kwa sehemu kubwa mto Akanyaru. Mto huo ulipobadili mkondo wake, eneo la Sabanerwa lilijikuta upande mwingine wa maji, na nchi zote mbili zikalidai. Mto haujui mkataba, huenda unakokwenda. Mpaka uliowekwa juu ya maji wahitaji watu wa kuuzungumza tena na tena.

Mapatano pasipo kusitisha

Tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye, wa kwanza kuchaguliwa kidemokrasia hapa nchini, aliuawa na askari. Vita vilivyofuata vilidumu zaidi ya miaka kumi, na hukadiriwa kuwa watu wapatao 300,000 walipoteza maisha.

Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulileta kundi dogo la waangalizi. Hawakuwa na nguvu ya kuzuia lolote, waliona, wakaandika. Mwezi Juni 1996, viongozi wa nchi za jirani walikutana Arusha, na wakuu wa serikali ya Burundi wakaomba msaada wa askari wa kuleta usalama. Askari hao hawakufika. Tarehe 25 Julai mwaka huo huo Meja Pierre Buyoya alitwaa madaraka, na waangalizi nao wakaondoka.

Mwalimu Julius Nyerere alikuwa ameanza kazi ya upatanishi mwaka huo wa 1996, na mwezi Juni 1998 akafungua mazungumzo ya Arusha yaliyozikutanisha pande nyingi. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, kabla ya kuona mwisho wake. Nelson Mandela akaipokea kazi hiyo, na tarehe 28 Agosti 2000 Mkataba wa Amani na Maridhiano wa Arusha ukatiwa sahihi. Mkataba huo uliingia katika mambo mazito: asili ya mgogoro, ugawanaji wa madaraka, jeshi, wakimbizi, ujenzi wa nchi. Lakini ulikuwa na pengo kubwa. Vikundi vilivyokuwa vikipigana msituni na milimani, CNDD-FDD na Palipehutu-FNL, havikuutia sahihi. Waliopatana Arusha hawakuwa wote waliopigana.

Basi nchi ikawa na amani katika karatasi na vita katika vilima. Watu wa Kamenge, Kinama, Musaga na Kanyosha waliendelea kusikia mizinga usiku. Mwezi Oktoba 2001 Afrika Kusini ilileta askari wapatao 700 kuwalinda viongozi waliorudi kutoka uhamishoni ili waingie katika serikali ya mpito, iliyoanza tarehe 1 Novemba mwaka huo. Kulinda viongozi ni jambo jema, na bila hilo serikali ya mpito isingeanza. Lakini mwanakijiji wa Bujumbura Vijijini hakuwa na wa kumlinda.

Askari wa Afrika mjini Bujumbura

Mwaka wa 2002 mambo yalianza kusogea. Tarehe 7 Oktoba makundi madogo yaliyojitenga na vikundi hivyo viwili yalitia sahihi mapatano ya kusitisha mapigano. Tarehe 2 Desemba, huko Arusha, CNDD-FDD ya Pierre Nkurunziza nayo ilitia sahihi. Mapatano hayo yalihitaji mtu wa kuyasimamia. Umoja wa Mataifa haukuwa tayari kuleta askari mahali ambapo mapigano yalikuwa hayajasimama. Ndipo Umoja wa Afrika, uliozinduliwa Durban mwezi Julai mwaka huo huo, ulipoamua kulibeba jukumu hilo wenyewe.

Tarehe 2 Aprili 2003 uliidhinisha kikosi kilichojulikana kwa kifupi kama AMIB. Hiki kilikuwa kikosi cha kwanza cha kulinda amani kilichoundwa na kuendeshwa na Umoja wa Afrika. Askari wake walitoka Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji. Mkuu wa ujumbe wote alikuwa Mamadou Bah wa Guinea, na kamanda wa majeshi alikuwa Meja Jenerali Sipho Binda wa Afrika Kusini. Walifika kidogo kidogo, kwa kuwa fedha zilikuwa haba: gharama za mwaka wa kwanza zilikadiriwa kuzidi dola milioni 100, na ahadi za wafadhili zilikuwa pungufu mno. Ethiopia na Msumbiji, nchi ambazo zenyewe hazikuwa na ziada, zilichelewa kuleta vikosi vyao kwa sababu hiyo. Huko Muyange, katika mkoa wa Bubanza, ilifunguliwa kambi ya kuwakusanya wapiganaji walioweka silaha chini. Waliokuja walikuwa wachache, na kuwalisha tu kulikuwa tatizo.

Mwezi Julai 2003 FNL iliushambulia mji wa Bujumbura, na mapigano yakaendelea kwa siku kadhaa katika vitongoji vya kusini. Maelfu ya watu walikimbia makwao. Mtu angeweza kusema siku hizo kwamba AMIB imeshindwa. Twaona si haki kusema hivyo. Kikosi hicho hakikuletwa kupigana na yeyote. Kililetwa kuthibitisha kwamba atakayeweka silaha chini hatauawa kesho yake. Hilo kililifanya. Kwa sababu kilikuwapo, mazungumzo ya Pretoria ya Oktoba na Novemba 2003 yalikuwa na mahali pa kutua, na tarehe 16 Novemba 2003 Dar es Salaam ikashuhudia mapatano ya jumla baina ya serikali na CNDD-FDD. Mwezi huo huo waliokuwa msituni waliingia serikalini.

Tarehe 21 Mei 2004, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha kikosi kikubwa zaidi, ONUB, cha askari wasiozidi 5,650, chini ya uongozi wa Carolyn McAskie wa Kanada. Kilianza kazi tarehe 1 Juni. Askari wa AMIB wapatao 2,600 waliingizwa katika kikosi hicho. Kadhalika ONUB ilipewa kazi ya kuangalia silaha zilizopitishwa kwa siri mipakani, pamoja na katika ziwa Tanganyika, kwa kushirikiana na kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichokuwa Kongo. Maneno hayo ya azimio yaonyesha kwamba walioliandika walitambua jambo kubwa: vita vya Burundi havikuwa vya Burundi peke yake. Mto ulikuwa na ng'ambo.

Usiku wa Gatumba

Ilichukua miezi miwili na nusu tu ukweli huo kudhihirika kwa uchungu. Gatumba ni mji mdogo kwenye barabara iendayo Uvira, kilometa chache kutoka mpakani. Hapo palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kongo, wengi wao Wanyamulenge waliokimbia mapigano ya Kivu ya Kusini. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 kambi hiyo ilivamiwa. Watu zaidi ya 150 waliuawa, wengi wakiwa wanawake na watoto. FNL ilitangaza kwamba ndiyo iliyofanya.

Kambi haikuwa mbali na vituo vya askari wa serikali, na walinda amani walikuwa Bujumbura. Hakuna aliyefika kwa wakati. Usiku huo twaujadili hapa kwa sababu unaonyesha mpaka wa uwezo wa mlinda amani kuliko hotuba yoyote. Waliouawa walikuwa wamevuka mto wakiamini kwamba ng'ambo ni salama, na waliowaua hawakuwa wamefungwa na sahihi yoyote.

Tarehe 18 Agosti 2004 viongozi wa nchi za jirani walikutana Dar es Salaam na kuitangaza FNL kuwa kundi la kigaidi. Hasira yao ilieleweka. Hata hivyo, miaka miwili baadaye, katika mji huo huo, viongozi wa kundi hilo waliketi mezani. Tarehe 18 Juni 2006 walitia sahihi misingi ya makubaliano, na tarehe 7 Septemba 2006 Agathon Rwasa akatia sahihi mapatano kamili ya kusitisha mapigano na serikali ya Rais Nkurunziza, mpatanishi akiwa Charles Nqakula wa Afrika Kusini. Jambo hili hutia uchungu kwa kila aliyepoteza ndugu Gatumba, wala hatuthubutu kusema kwamba uchungu huo si wa haki. Lakini historia haina njia nyingine ya kueleza kilichotokea: aliyekuwa na bunduki hakuachwa nje ya mlango kwa mara ya pili.

Toka kutendesha hadi kutendana

Mapatano ya 2006 hayakuleta utulivu mara moja. Mwezi Julai 2007 wajumbe wa FNL walijitoa katika kamati ya pamoja ya kusimamia mapatano. Mwezi Aprili 2008 mapigano yalizuka tena pembezoni mwa Bujumbura. Mwezi Mei mwaka huo pande mbili zilitangaza tena kusitisha vita, na Rwasa akarudi nchini. Mkutano wa tarehe 4 Desemba 2008, hapa Bujumbura, ulilifungua fundo la mwisho: kundi lilikubali kuacha jina lenye kutaja kabila, na serikali ikakubali kuwapa wanachama wake nafasi za utumishi. Mwezi Aprili 2009 FNL iliandikishwa kuwa chama cha siasa. Wapiganaji wake 3,500 waliahidiwa nafasi katika jeshi na polisi. ONUB ilikuwa imekwisha kuondoka tarehe 31 Desemba 2006, na kikosi kidogo cha Afrika Kusini kilichobaki chini ya Umoja wa Afrika kiliondoka mwaka wa 2009.

Sasa tuulize: kwa nini mapatano haya, yaliyovunjwa mara kadhaa, hatimaye yalishika? Twaona sababu tatu.

Ya kwanza, wote waliokuwa na silaha waliingizwa, mmoja baada ya mwingine, hata kama ilichukua miaka tisa tangu Arusha. Ya pili, mpiganaji aliandaliwa mahali pa kwenda. Mkataba wa Arusha uliamuru kwamba jeshi lisiwe na zaidi ya nusu ya watu wa kabila moja. Mapatano ya Pretoria yaliwapa CNDD-FDD asilimia 40 ya nafasi za maofisa, na mwisho wa mwaka 2004 sheria iliunda jeshi jipya la taifa. Askari aliyekuwa akimwinda mwenzake mwituni alilala naye bweni moja, wakala chungu kimoja, wakavaa sare moja. Hapo ndipo neno lilipobadilika kauli. Hakuna kikosi cha kigeni kiwezacho kuwafanyia watu jambo hilo. Walilifanya wao kwa wao.

Ya tatu, majirani hawakuchoka. Nyerere, Mandela, Jacob Zuma, Nqakula, na marais wa Tanzania na Uganda walipokezana mzigo kama wabebao jeneza. Ni kweli kwamba majirani nao walikuwa na haja zao, kwani wakimbizi mamia ya maelfu walikuwa Kigoma na Kibondo. Lakini haja ya jirani si aibu ikielekezwa penye heri.

Matunda yake yalionekana mapema. Mwezi Desemba 2007 askari wa Burundi walianza kwenda Somalia katika kikosi cha Umoja wa Afrika, nao walikuwa huko kwa miaka mingi, mpaka mwisho wa ujumbe wa ATMIS mwaka wa 2024. Nchi iliyolindwa ikawa mlinzi. Wengi wao hawakurudi hai, na yafaa wakumbukwe.

Yafaa pia kukumbuka kwamba kazi hiyo haikukamilika. Mwaka wa 2015 mgogoro wa muhula wa tatu wa rais uliirudisha hofu, na mamia ya maelfu ya watu walikimbia. Mwezi Desemba mwaka huo Umoja wa Afrika ulipendekeza kuleta askari 5,000. Serikali ya Burundi ilikataa, na mwezi uliofuata Umoja ukaliacha pendekezo hilo. Mlinda amani hawezi kuingia nyumba ambayo mwenyewe hakumkaribisha, ila awe ameamua kupigana.

Mpaka unaamka tena

Baada ya 2015, baadhi ya wapinzani wenye silaha walivuka mto na kukaa katika milima ya Kivu ya Kusini. Mmojawapo wa vikundi hivyo, RED-Tabara, ulishambulia Vugizo, karibu na Gatumba, tarehe 22 Desemba 2023. Serikali ilisema watu 20 waliuawa. Burundi iliishutumu Rwanda kwamba inakisaidia kikundi hicho, Rwanda ilikana. Tarehe 11 Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda, ambayo ilikuwa imefunguliwa mwaka wa 2022 baada ya kufungwa kwa miaka kadhaa.

Wakati huo huo vita vya M23 vilikuwa vikienea mashariki ya Kongo. Bujumbura ilikuwa na sehemu yake katika juhudi za kuvizuia. Tarehe 4 Februari 2023 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana hapa na kuziamuru pande zote kusitisha mapigano mara moja. Mwezi uliofuata askari wa Burundi waliingia Kivu ya Kaskazini wakiwa sehemu ya kikosi cha Jumuiya. Kikosi hicho kiliondoka mwezi Desemba 2023, Kongo ikiwa imekataa kukiongezea muda. Lakini askari wengine wa Burundi walibaki Kongo kwa mapatano ya nchi mbili, wakipigana upande wa jeshi la Kongo. Hivyo nchi moja ilikuwa mlinda amani na mshirika wa vita kwa wakati mmoja. Hatuandiki haya kwa kulaumu, kwani kila serikali hutazama usalama wa watu wake; twaandika kwa sababu mlinzi anayekuwa upande mmoja wa ugomvi hawezi tena kuaminiwa na upande wa pili, awe nani.

Mwezi Februari 2024 kikosi cha Umoja wa Mataifa kilikabidhi kituo chake cha Kamanyola, kandokando ya Rusizi, na katikati ya mwaka kikamaliza kazi yake Kivu ya Kusini. Mwezi Januari 2025 M23 iliuteka Goma, na Februari Bukavu. Makumi ya maelfu ya watu waliukimbilia upande huu wa mto, wengine wakiogelea. Tarehe 27 Juni 2025 Kongo na Rwanda zilitia sahihi mkataba huko Washington, na tarehe 4 Desemba marais wao wakauthibitisha. Siku chache tu baada ya sahihi hiyo ya pili, M23 iliingia Uvira, mji unaoonekana kutoka Bujumbura siku ambayo ziwa halina ukungu. Baadaye mwezi huo huo ilitangaza kuondoka. Wakimbizi walikuwa wamekwisha kuvuka tena, kupitia barabara ile ile ya Gatumba.

Tupime mapatano haya kwa sababu zetu tatu. Je, wote wenye bunduki walikuwa mezani? Washington walikuwapo marais. M23 ilizungumza na Kongo mahali pengine, huko Doha. Vikundi vingi vya milima ya Kivu havikuwa popote. Je, mpiganaji ameandaliwa mahali pa kwenda? Vikundi ni vingi mno, na mipango ya zamani ya kuwaingiza wapiganaji katika jeshi la Kongo ilivunjika na kuzaa maasi mapya. Jina lenyewe la M23 latokana na mapatano ya tarehe 23 Machi 2009. Je, majirani hawajachoka? Safari hii majirani wenyewe wamo vitani, na wapatanishi wametoka mbali. Haitupasi kukata tamaa, lakini haitupasi kujidanganya. Kilichopatikana kwenye mpaka huu hadi sasa ni kusita.

Kwa walimu

Huenda mwalimu akauliza, haya yatuhusu nini sisi wa Kiswahili? Yatuhusu sana. Katika uwanda wa Rusizi, Kiswahili ni lugha ya soko la Uvira, ya Buyenzi na Bwiza hapa mjini, ya barabara na ya mitumbwi. Mrundi, Mfuliru, Mnyamulenge, Mbembe na Mtanzania wa Kigoma hukutana ndani yake pasipo mmoja kuwa mgeni wa mwingine. Lugha ya namna hiyo si amani, lakini ni mojawapo ya mahali ambapo kauli ya kutendana yaweza kufanyika: kuulizana hali, kukopeshana, kuoana, kusameheana.

Lugha hiyo hiyo pia huweza kubeba matusi ya kuwaita watu wadudu, na majirani wageni. Redio na hotuba zimekwisha kutuonyesha katika eneo hili mwisho wa maneno ya namna hiyo. Kwa hiyo somo la msamiati si jambo dogo. Mwanafunzi ajuaye tofauti ya kusitisha na kukomesha, ya kupatanishwa na kupatana, hatashangilia kila sahihi kana kwamba ni arusi, wala hataidharau kana kwamba ni hila tupu. Atauliza: nani ametia sahihi, nani hakuwapo, na mwenye bunduki atalala wapi kesho?

Ulinzi wa amani una kazi yake. AMIB na ONUB ziliinunulia Burundi muda, na muda huo ulitumika vizuri. Pale muda unaponunuliwa na usitumike, walinzi hufungasha, na mto hubaki kama ulivyokuwa. Wahenga hawakusema kwamba nusu shari ni kheri. Walisema ni heri kuliko shari kamili. Nusu iliyobaki waliwaachia wenye ugomvi waiondoe wenyewe.